Mwendo wa Mama Zaina

Siku ya kwanza kazini nilipewa fagio, koti la kaki lisilo na vifungo, na onyo. Onyo lilitoka kwa Matroni wa wodi ya magonjwa ya akili, katika hospitali moja pale Dodoma mjini. "Wewe wa darasa la tatu," akaniambia, "hapa hatumcheki mgonjwa. Leo yeye, kesho wewe." Nikasema ndiyo, mama. Fagio lile nililishika mpaka nikastaafu. Si lilelile, maana yalikatika mengi, lakini mnanielewa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Sabuni tulizokuwa tukizipangia foleni zikajaa madukani, mitumba ikamwagwa chini sokoni, mgonjwa wetu mmoja akawa anadeki amevaa koti la harusi. Na kompyuta yangu ya kwanza kuiona ikaja mwaka huohuo, imefunikwa kitambaa cheupe kwa ajili ya vumbi, utadhani bibi harusi.

Ilikuja na Daktari wa Ubongo, kijana mpole aliyeongea polepole kama mtu anayesimulia ndoto. Mimi nafuta meza, yeye ananifundisha.

"Kaka, unajua unaonea wapi?"

"Kwa macho, Daktari."

"Macho ni dirisha tu. Unaonea hapa." Akanigusa kisogo.

Humo kisogoni, alisema, mna chembe za neva, ndogo kuliko vumbi la ulezi. Moja hupenda mstari uliosimama, nyingine uliolala, nyingine uliopinda. Zinaambizana, mistari inakuwa umbo, umbo linapata jina. Tangu siku ile nikawa najilaza kwenye benchi saa ya mapumziko, naitazama milima ikijengwa mstari kwa mstari ndani ya kichwa changu, mpaka Matroni anipigie kelele.

Mashine nayo alikuwa akiifundisha hivyohivyo. Aliilisha picha za ng'ombe na za punda, ikawa hodari. Siku moja akaionyesha picha ya stuli yangu. Ikaandika: ng'ombe. Tulicheka mpaka machozi. Kumbe picha za ng'ombe zote zilipigwa mnadani Chemba jioni, vivuli virefu, na za punda adhuhuri kisimani. Na stuli yangu ilipigwa jioni. "Haijui ng'ombe," Daktari akasema taratibu, "inajua jioni." Neno hilo nimezeeka nalo. Halafu maji ya bwawa la Mtera yakapungua, umeme ukawa wa mgawo, na mashine ikawa inasinzia nasi.

Wakati huo akaletwa Mzee Salimu, mfugaji wa hukohuko Chemba. Alikuwa amepigwa kiharusi. Alilala nyumbani kwenye chumba cha giza wiki nyingi, na alipoamka kumtazama mkewe, Mama Zaina, akapiga kelele: "Sauti ni ya mke wangu, lakini huyu simjui! Kuna kitu kimevaa sauti yake!" Ndugu wakasema ni wazimu, wakamleta kwetu.

Daktari alimwonyesha kibuyu. Mzee akakitazama sana. "Kina tumbo. Kina shingo nyembamba. Sijui." Alipokishika tu: "Kibuyu cha maziwa! Mbona hukusema?" Macho mazima, akili nzima. Kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye umbo kwenda kwenye jina.

Lakini Matroni alikuwa na kitabu cha taratibu. "Akishindwa kumjua mkewe mpaka Ijumaa, anahamia wodi ya kudumu." Na wodi ile, wanangu, sikuwahi kumwona mtu akitoka na mzigo wake.

Mama Zaina alikuja kila siku. Mimi ndiye niliyempangia, tena kwa nia njema: "Mama, wahi kabla hajaamka. Kaa mkekani, tulia, usitikisike. Mgonjwa anaheshimiwa." Naye akatii, amekunja miguu, khanga mpaka kwenye paji la uso, kimya kama gunia la mtama. Mzee anafungua macho, anamtazama, anageukia ukutani. Siku nane.

Alhamisi Mama Zaina alichelewa, alikwenda bombani kufua shuka. Mimi nafagia, Mzee yuko dirishani. Ghafla akacheka, akasema maneno ya kwao, ile lugha ya kugonga ulimi kwenye kaakaa, kisha kwa Kiswahili:

"Mtazame yule! Anakanyaga kama anakwepa mbigili. Tangu usichana! Zaina, mama yako huyo anakuja!"

Binti yao hakuwemo, ila mimi nikaacha fagio, nikakimbilia kwa Daktari bila kubisha hodi. Daktari akaja na Matroni. Wanawake watatu, Mama Zaina mmojawao, wakapitishwa uani, khanga usoni, wote kimya. Mzee akamnyooshea kidole Mama Zaina. Wakabadilishana khanga. Akamnyooshea yeye tena.

"Mtembezeni mara ya tatu," Matroni akasema, na sauti haikuwa ile ya siku zote.

Daktari akanieleza kwamba mwendo una njia yake kichwani, nyingine kabisa, na hiyo ilikuwa haijaguswa. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nahesabu siku nane za mkeka. Mimi ndiye niliyemficha mke yule, kwa adabu.

Ijumaa waliondoka. Kwa desturi mwanamume hutangulia. Wao, Mama Zaina alitangulia na mzigo kichwani, Mzee nyuma, macho kwenye visigino vyake. Watu wa getini wakamzomea: "Mzee, unachungwa?" Hakugeuka. Angegeuka, angempoteza.

Leo nimestaafu. Mashine, wajukuu wananiambia, siku hizi zinajua hata sura. Sawa. Majuzi tukienda shamba nilisimama, nikamwambia mke wangu, "Pita mbele."

"Unaumwa, baba?"

"Siumwi. Pita tu."

Akapita. Kumbe mkono wa kushoto hauchezi, anaubana kifuani kama bado amebeba mtoto. Miaka yote ile nilikuwa mbele.