Nakala Iliyobaki Jikoni kwa Kaisu

Kaisu Lehtovaara alikuwa na miaka hamsini na minane, na katika mji wake wa pwani ya Ufini alijulikana kwa mambo mawili: kahawa kali ya kuamsha maiti, na kutokubali kukosolewa. Programu ya kukadiria nguvu ya barafu kwenye njia ya kwenda kisiwa cha Koivuluoto aliiandika yeye. Kila majira ya baridi, bahari ikishaganda, watu walivuka juu yake na magari yao, na ubao mkubwa ufukweni ukawaambia uzito unaoruhusiwa. Ubao ulifuata programu ya Kaisu, watu wakafuata ubao, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Asubuhi moja ya Machi alikaa jikoni na kikombe chake, akafungua kompyuta aangalie hali ya barafu. Ikamwambia mwisho ni tani moja na nusu. Akatazama picha ya kamera ya ufukweni. Ubao ulisema tani tatu.

Barafu ni ileile, vipimo ni vilevile.

Wiki tatu nyuma alikuwa amegundua kwamba programu inahesabu barafu laini ya mwisho wa majira kana kwamba ni ngumu. Akasahihisha, akajaribu mara kumi, akaituma kwenye ghala la mtandaoni ambako mashine inayoendesha ubao ufukweni huchukua programu zake. Kumbe alikuwa akijaribu kitu kimoja, ufukweni wanatumia kingine.

Kuchagua toleo lipi litumike ni kazi ya programu nyingine, msimamizi wa vifurushi. Kwenye kompyuta ya Kaisu msimamizi huyo alikuwa ameagizwa: ukikuta nakala inayotengenezwa kwenye folda, chukua hiyo, usijali nambari. Ndivyo wafanyavyo watengenezaji wote, la sivyo wangejaribuje kazi yao? Lakini ufukweni hapakuwa na folda. Huko msimamizi alitazama kilichosakinishwa, toleo 4.2, akauliza ghalani kama kuna nambari kubwa zaidi. Masahihisho ya Kaisu yalikuwemo, nayo pia yameandikwa 4.2, kwa kuwa bibi huyu hakuona haja ya kupandisha nambari kwa sababu ya mstari mmoja. Msimamizi akaona nambari sawa, akanyamaza. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Akampigia Urho, mlinzi wa kizuizi cha kuingilia barafuni.

“Urho, shusha kizuizi. Asipite mtu.”

“Mbona ubao unasema tani tatu?”

“Ubao unadanganya.”

“Si ubao wako huo?” Urho akacheka. “Au leo umekunywa chai?”

“Ni wangu. Nimekosea mimi. Shusha, Urho.”

Kwa miaka yote waliyofahamiana, Urho hakuwahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Kicheko kikakatika. Kaisu akasikia chuma kikishuka.

“Kuna mmoja keshapita,” Urho akasema. “Jalmari wa mikate. Lile gari lake likijaa ni tani mbili na nusu.”

Pale pwani hata mtoto anajua kwamba juu ya barafu mtu hasimami. Gari likisimama linakandamiza mahali pamoja mpaka pavunjike. Kwa hiyo Kaisu hakuweza kumwambia Jalmari asimame, wala ageuze. Alipiga simu akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

“Jalmari, ni Kaisu. Usisimame.”

“Nisimame ili iweje? Mimi mgeni hapa?”

“Fungua mkanda. Fungua na mlango kidogo, uweze kuruka. Punguza mwendo, ila usisimame. Barafu hapo inabeba tani moja na nusu tu.”

Kisha mlio wa mkanda ukifyatuka, na upepo ukiingia.

“Kuna maji juu yake huku,” Jalmari akasema taratibu. “Naisikia inalia.”

“Kumebaki kiasi gani?”

“Mita mia tano hivi. Niache niendeshe.”

Hakukata simu. Kaisu alisimama katikati ya jiko, simu sikioni, akisikiliza injini ikinguruma polepole na barafu ikipasuka chini yake. Mara mbili alidhani gari limezama. Mwishowe akasikia matairi yakikanyaga changarawe, injini ikazimwa.

“Nimefika kisiwani.”

Kaisu akaketi sakafuni.

“Jana nilivuka na mzigo huuhuu,” Jalmari akaendelea, “na binti zangu wawili ndani. Jana ilikuwa ngapi?”

Angeweza kusema hajui. Lakini aliinuka, akatazama kwenye kompyuta.

“Tani moja na nusu.”

“Toka lini?”

“Siku tisa sasa.”

Jalmari hakumtukana. Heri angemtukana.

“Mimi sivuki tena leo,” akasema. “Mpigie mke wangu. Mwambie wewe mwenyewe.”

Kuandika 4.3 kulimchukua sekunde tano. Mashine ya ufukweni ikauliza, ikaona, ikachukua, na ubao ukabadilika. Kisha Kaisu akapiga namba ya mke wa Jalmari. Iliita mara moja tu, ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mama huyo wasichana wawili walikuwa wakigombania kijiko.