Trekta Lililopumzika Saa Sita

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kuipumzisha mashine saa sita mchana. Nilikulia kijiji cha Tulia, ambako babu aliwafungua ng'ombe wa kulima jua likifika utosini, na hakuna aliyemwita mvivu. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipokabidhiwa trekta la umeme la kuvuta trela za makontena, niliagiza liegeshwe chini ya paa hadi saa tisa, na ikawa hivyo kila siku.

Vijana huniuliza kazi hiyo ilikuwaje. Niliiacha mwaka jana nikiwa na miaka thelathini na moja, lakini nawasimulia kama mzee aliyestaafu. Tulikuwa katika bandari kavu huko Makueni, yaani uwanja ulio kando ya reli unaopokea makontena kutoka pwani. Matrekta yale yalikuwa ya kwenda bandarini, kukokota mizigo inayoshushwa melini. Yaliletwa kwetu kwanza kujaribiwa, kwa sababu ya joto, vumbi na mwinuko wa kuvukia reli. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila safari: uzito wa kontena, chaji iliyobaki, joto la betri. Sikusomea popote. Nilijifunza sokoni Matinyani kwa kufungua betri za sola na za pikipiki, huku nikifuata maelekezo kwenye simu. Ndiyo maana kila ukurasa niliuandika mara mbili. Hesabu zangu zilikuwa safi, na niliogopa chochote cha kuzichafua.

Aliyezichafua ni Abdi, dereva wa makamo kutoka Garissa aliyesafirisha mbuzi na ng'ombe kwa lori miaka mingi. Hakuwa na daftari. Alikuwa akiisikiliza feni inayopoza betri, kisha anasema betri imechoka, nami nikitazama skrini nakuta ni kweli. Nilimwonea wivu hadi nikahamisha kiti changu mbali naye wakati wa chakula.

Siku moja alipandisha kontena zito saa saba bila kuniuliza, na trekta likaishiwa nguvu kwenye mwinuko. Alirudi akinicheka.

"Fundi, joto limelichosha. Ng'ombe wenu wa Tulia wanalala saa sita. Meli hailali."

Kila mtu alicheka, hata Msimamizi wa Majaribio, mama wa Kathonzweni ambaye sikuwahi kumchekesha. Niliingia ofisini nikaandika kwamba nguvu ilipungua kwa sababu dereva anakanyaga vibaya. Nilijua mkataba wa Abdi unaisha mwezi ule, na kwamba ripoti yangu ndiyo ingeamua kama utaongezwa. Kesho yake aliwekwa langoni kupanga foleni ya malori.

Msimamizi aliisoma ripoti, kisha akaniambia jaribio lirudiwe na niendeshe mimi, kwa kuwa mimi nakanyaga vizuri. Ilikuwa saa saba. Nilikanyaga kama mtu anayepita juu ya sakafu ya kanisa iliyotoka kupigwa deki. Katikati ya mwinuko feni ilinguruma, mwendo ukapungua, na tulipofika juu tukasimama trela ikiwa katikati ya reli. Trekta la dizeli lilikuja kutuvuta. Betri ikipata joto sana, kompyuta hupunguza nguvu ili isiharibike. Hilo nilikuwa nimelisoma. Sikuwahi kuliona kwa kuwa sikuwahi kuliruhusu litokee.

"Nani anakanyaga vibaya?" Msimamizi aliuliza.

"Hakuna, madam. Mzee Abdi alisema kweli. Niliandika vile kwa wivu."

"Basi andika hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Hivyo ulivyosema. Na uweke sahihi."

Niliandika, nikampelekea Abdi langoni. Alisoma polepole, akasimamisha lori moja kwa mkono bila kuinua macho.

"Wivu wa nini, fundi?"

Nikamwambia ni wa jinsi anavyoisikiliza ile feni. Akanirudishia karatasi, akasema nije kesho saa sita anifundishe kuisikiliza. Nilienda siku hiyo na nyingine nyingi. Hadi naondoka sikuisikia kama alivyoisikia yeye.

Abdi aliongezewa mkataba, akapelekwa bandarini kuongoza madereva wa majaribio. Mimi mkataba wangu uliisha nikarudi Matinyani kwenye betri za pikipiki. Nikiambiwa anavyosifiwa huko, wivu bado unanichoma, na sitawadanganya kwamba umepoa.

Siku hizi, pale uwanjani, jaribio la kwanza hufanywa saa saba mchana, na maelezo ya dereva huandikwa kabla ya hesabu za fundi.