Namba Niliyoiweka kwenye Site

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Ninaongoza kundi la wachezaji wa ngoma hapa Nyawera, na site yetu ya internet niliitengeneza kwa mikono yangu. Fundi wa kompyuta niliyemwita kwanza alitaka kila mchezaji awe na picha na jina lake. Nikamfukuza, nikisema site ni moyo wa kundi, si kitambulisho.

Moyo huo ulikuwa Nsimire, msichana aliyekuwa akicheza nasi. Picha zote ni zake: anaruka, anafunga kitenge kiunoni, anacheka. Alihamia Kampala miaka mitatu iliyopita. Wenzake walinung'unika, "Papa Bahati, na sisi tuko wapi?" Nikawajibu kwamba picha zake ndizo zenye mwanga mzuri.

Na namba ya kutupigia? Yake pia. Nilijiambia kwamba watu wakimpigia kila siku kutafuta ngoma yetu, atakumbuka njia ya kurudi.

Mwaka mzima hatukupata mwaliko hata mmoja. Juzi, maman mmoja anayeandaa tamasha aliuliza sokoni mpaka akatufikia mazoezini. Tulicheza mpaka vumbi likapanda. Yeye akatoa simu.

"Niliandika kwa namba ya site mara mingi," akasema mbele ya wote. "Mwisho, mwanamuke mumoja akanijibu."

"Alisema nini?" Niliuliza haraka mno, wachezaji wote wakanigeukia.

Akasoma kwa sauti: "Muambie Papa Bahati atoe namba yangu. Niko na bwana sasa. Aweke picha ya wenye walibakia."