Wimbo Waliouondoa Kwenye Programu ya Harusi

Nakumbuka vizuri Jumamosi niliyoolewa, mwanangu, na hata leo nikiiwaza damu inanichemka kidogo, ingawa ilikuwa siku nzuri kuliko zote.

Babu yako, yaani baba yangu, ana kigugumizi. Kwake kusema tu "habari ya asubuhi" ni safari. Lakini akishika gitaa, maneno yanatoka kama maji ya bomba. Alijifunza Nakuru, kwenye redio, kila Jumapili baada ya kanisa, kwa mwimbaji mmoja wa kantri, ule muziki wa wachunga ng'ombe wa huku Texas, marehemu sasa. Maisha ya yule mtu huyasimulia kama habari za binamu yake: alivyochuma pamba akiwa mdogo, alivyoimba kwenye baa watu wakirushiana chupa, alivyolewa mpaka mkewe akamfungia mlango. "A-alikuwa mjinga," Baba husema, "lakini kwenye wimbo ha-hakudanganya."

Sasa, kwetu baba wa bibi harusi husimama mbele ya watu akamkabidhi binti yake. Baba hawezi kuhutubu. Kwa hiyo alitunga wimbo wa Kiswahili kwa mtindo wa mwimbaji wake, akaufanyia mazoezi ndani ya lori analoendesha kazini, Dallas kwenda Houston, Houston kurudi Dallas.

Wakwe zangu ni watu wa Katy, mji wa karibu na Houston, wamesoma, wana nyumba kubwa. Tulikodi ukumbi Missouri City, upande huo huo wa Houston. Nikiwa chumba cha nyuma napakwa poda, shangazi wa mume wangu akaingia.

"Mrembo, tumebadilisha programu kidogo. MC atamsemea baba yako maneno mawili. Gitaa lake aliache garini."

"Kwa nini?"

"Ah, hata wewe! Muziki wa ng'ombe? Tulikimbia ng'ombe nyumbani, sasa watufuate mpaka Texas?"

Wasichana wa poda wakacheka. Mimi sikucheka. Nilivua viatu nikamwambia kama Baba haimbi, basi mpwa wake amwoe huyo MC. Nikatoka na gauni langu, peku, kwenda kumwambia Baba turudi kwetu Grand Prairie, karibu na Dallas.

Nilimkuta nje, karibu na wanaume waliokuwa wakichoma nyama. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, kwa sababu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na kofia ya kauboi kichwani. Walikuwa wameshamwambia.

"Ma-Mama," akasema. Ananiita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Huyo kijana u-unampenda?"

"Nampenda. Lakini wamekudharau, Baba."

"Yule mwimbaji wangu pia wa-walimdharau. Baa nzima imempa mgongo. Hakutukana mtu, hakuondoka. Alitafuta mmoja anayesikiliza, akamwimbia huyo." Akachukua gitaa. "Huyo mmoja ni-ninaye."

Akaimba. Aliimba kwamba binti yake alimmalizia maneno benki, hospitalini, ofisini, tangu akiwa mdogo, na hakuwahi kumwonea aibu. Aliimba: kijana, ninakupa huyu, usimkatize akiongea. Poda yangu yote ikaharibika kwa machozi.

Wachoma nyama wakasahau kugeuza nyama. Baba mkwe wangu, daktari mzima, alikuwa amekuja kutafuta barafu. Akasimama na ndoo yake, halafu akaanza kuitikia sauti ya pili. Kumbe utotoni Eldoret alisikiliza redio ile ile, na miaka yote Katy amekuwa akisikiliza nyimbo hizo akiwa peke yake kwenye gari.

Shangazi akatokea mlangoni. "Daktari! Watu wanangoja!"

"Waambie waje huku," akasema, akampa ndoo ashike.

Wakaja wote, visigino virefu vikizama kwenye kokoto. Mume wangu akapita katikati yao, na Baba akampa mkono wangu pale pale, kwenye moshi wa nyama. Ndivyo nilivyokabidhiwa. Yule shangazi hajawahi kuniomba radhi, na mimi sijamwomba radhi kwa maneno niliyomtupia. Tunasalimiana vizuri, tunakula pamoja.

Basi sikia, mwanangu, na nyinyi vijana mnaopanga harusi za kupendeza wageni. Mtu akimdharau mzazi wako, kasirika, tena waziwazi. Usikae kimya ili uonekane una adabu. Lakini usimwachie aliyekudharau siku yako yote. Na ukiwa na jambo la kusema, usingoje ukumbi mzima ukugeukie. Mtafute anayekusikiliza, umpe lote, usimpunguzie.

Mungu akupe maneno yako mwenyewe, na akupe watu watakaokungoja mpaka uyamalize.