Amri ya Vigae vya Panda

Kwa miaka ishirini na miwili, katika ofisi ya mji, Emérance alipiga chapa barua za watu asiowaheshimu, na hakuna aliyewahi kukuta kosa. Wao waliandika ovyo, yeye akawanyooshea sentensi. Alijua kwamba kila barua iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na akili kuliko aliyeitia saini, na kujua hivyo kulimtosha.

Alizaliwa Panda, pembeni mwa mji wa Likasi, kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi wa shaba. Babu yake alitoka mkoa wa Kasai kuja kuajiriwa mgodini, akapewa nyumba ya matofali yenye paa la vigae vyekundu, na humo ndimo alimofia. Emérance hakuhama. Kila asubuhi alipanda mjini kwa miguu, mkoba kwapani, na watu wa kambini wakamwita Mama Biro, yaani mama wa ofisini.

Mji ulipounda tume, Komisyo ya Nyumba za Kale, yeye akafanywa katibu. Maana yake ni kwamba watu saba walisema na yeye akaandika. Mwenyekiti alikuwa Papa Théophile, mtu aliyetajirika kwa mawe ya shaba ya mgodi wa Kamatanda na kununua villa ya kizungu yenye baraza la matao, moja ya nyumba nzuri kuliko zote Likasi. Kati ya wale saba hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kushika kigae. Walibishana asubuhi nzima kama nyumba inazeeka kwa miaka au kwa sura, kisha wakaenda kula.

Amri yenyewe ya kulinda nyumba hizo waliinakili kutoka mji mmoja wa Ulaya. Emérance aliposoma rasimu, aliinua mkono.

“Papa Président, ibara ya tisa inasema paa liweze kubeba theluji. Niitoe?”

Théophile alifikiri. “Iache. Inatia uzito.”

Wakacheka kwa heshima. Emérance akapiga chapa neno theluji, bila kosa.

Orodha ya kwanza ilikuwa na nyumba arobaini. Kila kikao mjumbe mmoja alikohoa, akasema nyumba fulani haina historia ya maana, na kila mara nyumba hiyo ilikuwa yake, au ya shemeji yake, au ya mtu aliyekaa naye kanisani benchi moja. Villa ya Théophile ilitoka kikao cha tatu. Mwishowe zilibaki nyumba kumi na tatu, zote za kambi ya Panda, za watu wasio na mtu mezani. Hao ndio walioamriwa kulinda urithi wa mji: wasibadili dirisha, wasibadili mlango, wasiguse paa ila kwa kigae cha aina ileile, kigae ambacho hakuna anayekifinyanga tena tangu wazungu waondoke. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Emérance aliwadharau wote saba, na dharau hiyo ilimpa usingizi mzuri.

Siku ya tatu baada ya amri kubandikwa, jirani yake Mama Berthe alikuja na karatasi ya amri iliyoloa. Alikuwa mjane mwenye miaka sabini na ushee. Mwanawe wa Kolwezi alikuwa amemletea mabati, nayo yalilala uani, maana mkaguzi alikuwa amepita na kumkataza. Mvua ilikuwa inamnyeshea kitandani.

“Emérance, weye njo ulipiga hii karatasi?”

“Ndiyo, Mama. Minye njo nilipiga.”

“Ulisoma mbele ya kupiga?”

“Nilisoma.”

“Ukaona jina yangu?”

“Nililiona.”

Mama Berthe alimtazama sana. “Basi weye ni mubaya kupita bale saba. Bale habajue kusoma.”

Akaondoka bila kuaga. Emérance alibaki mlangoni, uso ukimwaka. Kwa miaka yote alidhani kudharau kunamtenga na uchafu wao. Sasa mwanamke wa kuuza mihogo ya kuchoma alikuwa amemweka meza moja nao, tena kiti cha mbele.

Kesho yake alifungua amri na kuisoma upya, safari hii kama adui yake. Ibara ya kumi na moja ilisema mkazi yeyote anaweza kuomba kwa barua kwamba nyumba fulani ilindwe, na tangu barua inapopigwa muhuri, hakuna mkono utakaoigusa nyumba hiyo mpaka komisyo ikae mbele ya watu. Kati ya wale saba hakuna aliyeijua ibara hiyo. Ilikuwa imekuja na karatasi za Ulaya, kama mbegu ya magugu ndani ya gunia la mahindi.

Wakati huo mafundi wa Théophile walikuwa wanabomoa baraza la villa ili yajengwe maduka. Matao mawili yalikwisha kuanguka, manne yalisimama.

Emérance aliandika barua kama mkazi, akiomba villa hiyo ilindwe, akazunguka meza, akaipokea kama katibu, akaipiga muhuri. Nakala aliipeleka mwenyewe. Mafundi walipoona muhuri waliweka nyundo chini. Muhuri wa mji haubishiwi na mtu anayelipwa kwa siku.

Kabla ya saa sita Théophile aliingia ofisini, jasho likimtiririka shingoni.

“Mama Emérance, toa hii kintu pa nyumba yangu.”

“Sina nguvu, Papa Président. Ni ibara ya kumi na moja. Mulisaini.”

“Nani aliweka ile ibara?”

“Ilikuja pamoja na theluji.”

Théophile hakuelewa. Hilo lilimkera Emérance kuliko hasira yote ya mwenyekiti.

Komisyo ikalazimika kukaa mbele ya watu. Emérance alikuwa amepita nyumba kumi na tatu, mlango kwa mlango, na Panda yote ikajaa ukumbini. Théophile alisimama, akasema kwa sauti ya huruma kwamba amri imekuwa kali mno, kwamba mwenye nyumba ndiye anayejua shida ya nyumba yake. Wiki mbili zilizopita alikuwa amesema kinyume, kwa sauti ileile. Mama Berthe aliinuka nyuma.

“Papa, kama weye unaweza kuvunja yako, minye niweke bati yangu?”

Théophile alitazama wenzake. Wao wakatazama viatu vyao. “Ndiyo, Mama,” alisema. “Sheria ni moja.”

Siku hiyohiyo ibara ya vigae ilifutwa, na ya kumi na moja pia. Emérance akaandika yote.

Jumamosi mabati yalipanda juu ya nyumba ya Mama Berthe. Emérance alishika ngazi, na Mama Berthe akampa muhogo wa kuchoma. Jumatatu matao manne yakaangushwa. Emérance alipita pale akienda kazini, akaona matofali yale mazuri ya wazee yakisagwa kuwa kifusi cha sakafu ya duka. Nyumba iliyostahili kulindwa kweli ilikuwa ile. Hakuna aliyeitaka kwa ajili yake yenyewe. Hata yeye aliitumia tu.

Mwezi haukwisha, akahamishiwa kaunta ya vyeti vya kuzaliwa, chumba kisicho na dirisha. Siku moja Théophile alikuja kuandikisha mjukuu, akapita foleni na kuegemea mbao ya kaunta.

“Mama Emérance, hatuna ugomvi, si ndiyo?”

Hakuinua macho. Alimwonyesha kwa kalamu mwisho wa foleni, nyuma ya wanawake tisa wenye watoto mgongoni. Théophile alingoja karibu saa mbili nzima. Zamu yake ilipofika, alianza kutabasamu.

“Jina la mutoto, Papa,” Emérance alisema.