Noti Ziliisha Kaburi Halijajaa

Mwaka jana, kwenye semina Lushoto, mkufunzi kutoka Dar alituambia kwamba mfanyabiashara mbunifu ni kama mpiga muziki anayeweza kuendelea bila noti. Watu wakaandika. Mimi nilitamani kutoka nje, maana somo hilo nilishapewa bure kwenye kaburi la baba, na nikalichezea.

Dada yangu na mimi tulikuwa kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu wa kanisa. Kwetu tarumbeta hazinyamazi mpaka kaburi lijae. Siku ile mvua iligeuza udongo kuwa tope, majembe hayaendi, tukamaliza beti zote jeneza likiwa bado linaonekana. Mwalimu wetu hakuwahi kuturuhusu kupiga kisichoandikwa. Tukanyamaza. Tope likawa linaangukia mbao, kila mtu anasikia, na mama akaanza kupiga mayowe.

Ndipo dada akainua tarumbeta yake. Alichukua mwisho wa wimbo, akaugeuza, akaenda polepole kwa mwendo wa majembe. Wenzetu wakamsikiliza kwanza, kisha wakaingia mmoja mmoja, hata mimi na tarumbeta yangu ya besi. Jioni nilimsifu mpaka nikalia.

Wiki chache baadaye plamsi ziliiva. Tulikuwa na kikundi cha kutengeneza jemu, mimi mwenyekiti, na plamsi nyingi zilitoka kwenye miti ambayo baba alimwachia dada. Maporomoko ya udongo yakaziba barabara ya Mombo, chupa zetu za kutilia jemu zikakwama huko chini.

"Kaka, plamsi tuzikate, tuzikaushe juu ya jiko," dada alisema. "Tujaribu, tutajua mbele ya safari."

"Mpango wetu ni jemu. Kukausha nani ametufundisha?"

"Na kule kaburini nani alinifundisha?"

Nikamjibu mbele ya wanachama wote kwamba mambo ya kanisa ni ya kanisa, kazi ni kazi. Cheo kilinivimbisha kichwa, mjinga mimi. Tulisubiri chupa siku kumi na moja. Plamsi zikaoza kwenye matenga, nyuki wamejaa, na wanachama wakaacha kuja.

Baada ya ile semina nilikwenda kwake. Alikuwa shambani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nimekuja tuanze upya. Safari hii wewe utangulie, mimi nitakufuata."

Akanionyesha mteremko. Palikuwa na visiki vya ile miti ya baba, na katikati yake viazi.

"Nilikungoja misimu miwili," alisema, akaendelea kupalilia.