Nywele Ndizo Zilizorudi

Mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko karibu na soko la Kasongo, na tangu nianze kuswali na wakubwa sijawahi kutoka nyumbani bila kofia. Baba yangu alikuwa hivyo, babu yangu hivyo. Sasa niambie wewe unayesoma: mtu wa kofia, kichwa chake nani anakiona? Mkewe tu. Na mke wangu hakuwahi kulalamika hata siku moja. Nikikumbuka hilo hasira inanipanda mpaka nashindwa kutia uzi kwenye sindano.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye harusi yangu, huko Wamaza, upande wa Kabambare, alikotoka mke wangu. Kwao, siku ya kumchukua bibi arusi, wadogo zake wana ruhusa ya kumtania shemeji mpaka atoe kitu. Mimi walininyang'anya kofia. Mmoja akapiga ukelele: "Hee, dada! Umeolewa na babu! Muone paji la shemeji, limeshavuka mto Lualaba!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, nikatoa zawadi, kofia ikarudi. Utani ni utani, sikumkasirikia mtu. Lakini chini ya mtandio mke wangu naye alicheka, kidogo tu, na kicheko kile nikarudi nacho Kasongo.

Nilikuwa nimepita miaka arobaini, yeye bado binti. Kibandani nina kioo kirefu cha wateja kujitazamia nguo. Nikaanza kukitumia mimi. Asubuhi kabla ya mteja wa kwanza navua kofia, nainama, natafuta utosi. Ujinga mtupu! Kisha mtu akanionyesha kwenye simu yake video ya bwana mmoja aliyekuwa na upara na sasa ana nywele tele, anasifu vidonge. Nikaandika jina la dawa kwenye kipande cha kitambaa, nikaenda farmasi ya mtaani kwetu.

Muuzaji akasoma, akakuna kidevu. "Hii ya nywele sina. Lakini iko hii ya wazee, ya prostate, wale wanaopata shida kukojoa. Ni dawa ileile, ila hii iko na nguvu kuliko ile."

Mimi nikasema moyoni, basi vizuri, nguvu ndiyo ninayoitaka. Nikawa nameza kimoja kila asubuhi na chai. Dokta sikumuuliza. Nani anakwenda hospitali kwa sababu ya upara?

Na jamani, zilirudi! Kwanza manyoya membamba kama ya kifaranga, baadaye nywele za kweli, nyeusi. Mke wangu alipitisha mkono juu yake akasema, "Ee, bwana, umekuwa kijana." Siku hiyo nilishona nikiimba. Nilijiona nimewashinda wote wa Wamaza.

Niseme wazi, maana nimechoka kuzungukazunguka. Nguvu za kiume ziliniacha. Hazikukatika kwa siku moja, ningeshtuka. Kwanza ilikwenda hamu. Mke wangu alikuwa akikaa kwenye mkeka kujisuka, mwanamke mzuri yule, na mimi namwangalia sisikii kitu, kama ninaangalia ukuta. Halafu mwili nao ukakataa. Halafu kifua. Nikiegemea cherehani, chuchu zinauma, na chini ya ile ya kushoto nikapapasa uvimbe mdogo mgumu. Na machozi! Mimi mtu mzima, ninashona kanzu ya mtoto ya Idi, machozi yananitoka juu ya kitambaa cha watu na sijui nalia nini.

Mama yangu akasema nimefungwa, kuna mtu ana kijicho. Akanichemshia mizizi, nikanywa, nikatapika. Uvimbe wa kifua ndio ulionitia hofu nikaenda hospitali. Dokta alikuwa kijana mpole. Alinipima, akaniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na mtu, kisha akauliza, "Unameza dawa gani?" Nikataja. Akaweka kalamu chini.

"Mzee wangu," akasema, "mwanaume ana homoni yake kubwa ndani ya damu, testosteroni. Mwili unachukua sehemu yake, unaigeuza kuwa nyingine iliyo kali zaidi. Hiyo kali ndiyo inayoua nywele za utosini, na ndiyo inayokuza prostate ya wazee. Dawa yako inazuia ule ugeuzaji. Ndiyo sababu nywele zimerudi. Lakini hiyo kali ina kazi nyingine huko chini, na hata kwenye ubongo. Umeifunga kote, si kichwani peke yake."

"Na kifua?"

"Fikiria mihogo. Ukivunja kinu, unga haupatikani, mihogo inajaa nyumbani. Watu watafanya nini? Samahani, wewe ni Mwislamu, lakini wataanza kuchemsha pombe. Ile testosteroni iliyobaki bila kazi, sehemu yake mwili unaigeuza kuwa homoni ya kike. Hiyo ndiyo imeleta uvimbe na maumivu ya kifua. Na wewe umemeza kidonge cha wazee kizima, kila siku. Acha leo leo."

"Nikiacha, nitarudi?"

"Wengi wanarudi, baada ya wiki au miezi. Wachache wanakawia. Na sitakudanganya, hao wachache hatujui vizuri kwa nini."

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia mke wangu. Sikuficha kitu. Nilimweleza homoni, nikamweleza mihogo, nikamwonyesha kifua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Dawa ya kichwa?" Nikasema ndiyo. Akanyanyuka kwenda kuangalia sufuria.

Baada ya muda akaja shangazi yake kutoka Wamaza, yule aliyemlea. Mama wa maneno, sauti yake inafika barabarani. Alikuwa ameshasikia kwamba nyumba yetu imenyamaza. Nikaona aibu ya nini tena, nikamweleza naye. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Weye mwanaume! Dawa ya nywele iko kazi ya kichwa. Inashuka namna gani mpaka kule? Inapanda pikipiki?" Kisha akaacha kucheka. "Mimi ni mutu muzima. Mwanaume hajipambi kwa ajili ya mwanamke ambaye iko tayari ndani ya nyumba yake. Sema tu, yule mwingine anakaa wapi? Nyangwe?"

Nyangwe nilikuwa napeleka sare za shule. Tangu siku hiyo, nikirudi kutoka huko, mke wangu anachukua shati langu kufua na namwona analisogeza puani kwanza. Nywele zangu nzuri ndizo zilikuwa ushahidi. Kila mtu aliyenisifu sokoni alikuwa ananizika.

Ukoo wake ukapeleka shauri kwa shehe. Shehe akasema sheria inampa mwanaume mwenye tatizo hilo mwaka mmoja, mvua na kiangazi vipite juu yake. Akipona, mke ni wake. Asipopona na mke akitaka kuondoka, aachwe aende. Shangazi akanung'unika kwamba ni mwaka wa kumpa mzinzi nafasi. Mimi nikasema alhamdulillahi, mwaka ni mwingi, dokta amesema ni miezi.

Vidonge nilishaviacha. Maumivu ya kifua yakaondoka, nikashukuru Mungu kwa sauti. Kiangazi kilipofika, nywele zikaanza kubaki kwenye mto wa kulalia. Mtu mwingine angehuzunika, mimi nilifurahi kama mwehu! Kila asubuhi nakusanya zile nywele kiganjani nasema, haya nendeni, nendeni mumlete mwenzenu. Utosi ukawa wazi kama siku ya harusi. Mwenzao hakuja.

Nilishikilia jambo moja tu: mke wangu akiniamini, atangoja. Kama mwaka hautoshi, ataongeza mwingine. Nikampeleka kwa dokta asikie mwenyewe. Dokta akarudia yote, mihogo na kinu, pole pole. Mke wangu akauliza swali moja.

"Dokta, na mutoto?"

"Tungojee, mama," dokta akasema, na hakumwangalia machoni.

Tulirudi kwa miguu, na njia nzima alitembea mbele yangu bila kugeuka. Nikajua ameniona mwongo.

Mwaka ukaisha. Shangazi akaja na pikipiki ya kukodi, imefungwa kamba za mizigo tayari. Tukakaa uani kwa shehe. Shehe akaniuliza kama nimepona. Nikasema sikupona, na nikaeleza tena sababu yake, mbele ya watu. Kisha nikavua kofia. "Tazameni," nikasema, "dawa niliiacha, na nywele zimeondoka. Kama nilikuwa najipamba kwa ajili ya mwanamke, ningeiacha?"

Shangazi akainama kunitazama utosi. "Basi yule mwanamke amemukimbia," akasema. "Sasa anajipamba kwa nani?"

Watu wawili watatu wakacheka. Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Nywele zikiwepo, nina mwanamke. Nywele zikitoka, mwanamke kanikimbia. Nikamgeukia mke wangu, nikasema, "Wewe tu. Hawa wengine waache. Wewe unaniamini?"

Akamgeukia shangazi yake, "Shangazi, nyamaza. Hana mwanamke. Ni kweli vile anasema, niliamini tangu kwa dokta."

Moyo wangu uliruka! Nilisimama kabisa, kofia mkononi. Nilijua yamekwisha, tunarudi nyumbani.

"Heri angekuwa na mwanamke," akaendelea, na sasa alikuwa analia. "Mwanamke ningepigana naye. Hii kitu, nipigane nayo namna gani? Mimi nataka kuzaa."

Shehe akaniangalia. Nilitamka neno la talaka, mara moja tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kosa, na sikuwa na haki ya kumzuia. Vyombo vyake vikafungwa kwenye pikipiki. Shangazi, ajabu, hakuniangalia tena.

Nilikuwa nimesimama barabarani kichwa wazi, sina habari. Mke wangu akarudi hatua chache, akachukua kofia mkononi mwangu, akanivalisha, akairekebisha upande wa mbele kama alivyokuwa akifanya kila Ijumaa.

"Jua iko kali, bwana," akasema, akaenda kupanda nyuma ya shangazi yake.